Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya utalii: geti liko barabarani, kiti hakuna

Kwa Wizara ya Maliasili na Utalii, Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na vyama vya mawakala wa utalii.

Waheshimiwa,

Ukitoka Mwanza kwenda Musoma kwa basi, ukishaiacha Lamadi nyuma, geti la Ndabaka liko mkono wa kulia, kando kabisa ya lami. Ni geti la Serengeti. Mabasi yanalipita kutwa nzima, na sijawahi kuona abiria akigonga bodi ashushwe hapo. Si kwamba hatutaki. Kiingilio cha Mtanzania mtu mzima ni shilingi 10,000, ukiweka na VAT 11,800. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 ni 2,000, ukiweka na VAT 2,360. Kwa pesa hiyo ya mtu mzima, pale Nyegezi unakula chipsi kuku na soda na huondoki na chenji ya maana. Tatizo ni kwamba hifadhini huingii na begi lako mgongoni ukaanza kutembea. Lazima uwe ndani ya gari, na gari ndilo wengi wetu hatuna.

Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kanda ya Ziwa. Naandika kuhusu safari za kuchangia gari, zile ambazo mawakala wa Arusha wanaziita "joini": watu wasiojuana wanaunganishwa kwenye Landkruza moja, kila mtu kanunua kiti chake. Hoja yangu ni moja na naitanguliza ili mwenye kikao aweze kuishia hapa. Kwa mwananchi wa kawaida kinachomzuia kuziona hifadhi ni kiti, kiingilio anakimudu. Na kiti hicho mmekiacha kiuzwe gizani, bila bei iliyobandikwa popote na bila mtu wa kumuuliza kikiyeyuka.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme Landkruza yenye paa la kufunguka, pamoja na dereva na mafuta, ni shilingi 600,000 kwa siku. Mkiwa wawili, kila mmoja anatoa laki tatu. Mkiwa sita, laki moja. Kwa siku tatu tofauti hiyo ni laki tisa dhidi ya laki tatu, na hapo hatujagusa chakula, hema wala kiingilio. Punguzeni kiingilio hadi shilingi elfu mbili, au kifuteni kabisa wakati wa Pasaka, bado yule wa laki tisa haendi. Kila mwaka ofa za utalii wa ndani zinatangazwa kwa nguvu, na karibu zote zinapunguza ile sehemu ya gharama ambayo tayari ilikuwa ndogo.

Na ada zenyewe zimepangwa kwa namna inayompa nafuu anayechangia. Gari linalipiwa getini kulingana na uzito wake, haijalishi limebeba mmoja au saba. Kushuka kreta ya Ngorongoro kunalipiwa kwa gari, kila linaposhuka; kwa magari ya wageni wa nje ni dola 250 kabla ya VAT. Aliye peke yake anaubeba mzigo wote, walio sita wanagawana. Kwa hiyo mfumo wenu tayari unasema: njooni wengi katika gari moja. Haujasema tu tutakutanaje.

Hifadhi nazo zingepumua. Aliyewahi kukaa kwenye foleni ya magari Seronera, katikati ya Serengeti, chui mmoja juu ya mti na magari thelathini chini yake, mengine yakiwa na watu wawili na viti vitano vitupu, hahitaji kuelezwa. Julai 2025 video za Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, zilizunguka dunia nzima, watalii wameshuka magarini wamejazana ukingoni mwa Mto Mara, nyumbu wanazuiwa kuvuka. Watu walilaumu madereva, na madereva wale walistahili. Lakini hata madereva wote wangekuwa na nidhamu ya jeshi, magari yakizidi ukingo haupanuki.

Sasa nieleze kiti kinavyopatikana leo. Unaona tangazo kwenye simu, picha ya simba dume na maandishi mekundu: mtoko wa Serengeti na Ngorongoro, siku tatu, bei nafuu, nafasi mbili zimebaki. Nafasi huwa ni mbili. Ukiuliza wiki mbili baadaye ni mbili vilevile. Unaambiwa utangulize nusu ya malipo kwa lipa namba, na jina linalotokea kwenye simu ni la mtu binafsi, kampuni haionekani. Ukiomba mchanganuo, unatumiwa orodha ya "vilivyomo": usafiri, chakula, kiingilio, muongoza watalii, maji. Hakuna mahali pameandikwa mtakuwa wangapi garini. Mwingine bado anataja bei kwa dola kwa Mtanzania mwenzake, wakati kanuni za Machi 2025 zimekataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni.

Mimi na mdogo wangu, ambaye ni muuguzi, tulisafiri kwa basi kutwa nzima kwenda Arusha ili tujiunge na kundi. Litazameni jambo hilo kwenye ramani: tunaishi upande wa magharibi wa Serengeti, tunazunguka kwa Shinyanga, Singida na Babati hadi Arusha, halafu tunarudi tena magharibi kupitia Karatu ili tuingie hifadhi ambayo geti lake jingine tuliliacha nyumbani. Tulifanya hivyo kwa sababu viti vinauzwa Arusha.

Usiku wa kuamkia safari, saa nne, ujumbe ukaingia. Kundi letu halijatimia, kwa hiyo "tumewaunganisha na wenzetu". Asubuhi gari lililokuja lilikuwa na jina la kampuni nyingine kabisa ubavuni. Tuliahidiwa watu sita, kila mmoja na dirisha lake. Tukajikuta wanane, na wawili kati yetu wakawekewa kiti cha kukunja katikati ya njia, kisicho na mkanda. Tulipopiga simu kwa aliyetupokea pesa, akasema tuongee na hao wenye gari. Wenye gari wakasema wao wamelipwa viti viwili vya bei ile na hawajui tuliahidiwa nini. Dereva hakuwa upande wowote. Yeye alikabidhiwa orodha ya majina alfajiri kama sisi tulivyokabidhiwa gari. Sitaitaja kampuni hata moja kati ya hizo mbili. Nia yangu si kumfungia mtu biashara, na ninavyosikia kwa wengine, hata kama ningewataja hao, utaratibu ungebaki uleule kwa wengine kumi.

Kuunganisha wageni si dhambi. Bila kuunganisha hakuna safari ya bei ya chini, na wakala mdogo mwenye wateja wawili afanye nini? Kibaya ni kwamba mteja anapohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, ahadi alizopewa hazihami naye. Dirisha linabaki kwa wa kwanza, pesa zinakwenda kwa wa pili zikiwa pungufu, na jukumu linadondoka njiani pale Makuyuni.

Kuna suala la muda pia, ambalo nadhani wengi hawalifahamu mpaka liwapate. Kibali cha Serengeti ni cha saa 24 tangu mnapoingia. Mkiingia Naabi, geti la upande wa Ngorongoro, saa tano asubuhi, kesho yake saa tano muwe mnatoka, la sivyo mnalipa tena. Na kufika Naabi lazima mkatize eneo la Ngorongoro, ambako nako mnalipa, hata kama hamkusimama kupiga picha. Sasa katika gari la kuchangia, mtu mmoja akichelewa hotelini Arusha kwa saa moja, gari zima linachelewa, foleni ya Lodoare, geti la kuingilia Ngorongoro, inawakuta ikiwa ndefu, na ile asubuhi ya pili, ambayo ndiyo ya thamani kwa sababu simba bado hawajalala, inakatwa ili mkimbizane na kibali. Safari ya familia moja ikichelewa wanagombana wenyewe. Safari ya watu wanane wasiojuana ikichelewa, mzigo wote unamwangukia dereva.

Naomba nimzungumzie huyo dereva, maana siku tatu zile aliziokoa yeye. Alikuwa mzee wa makamo, mtu wa Mbulu, mwenye sauti ya chini. Kabla hatujaondoka Arusha alizima gari, akageuka, akatuuliza mmoja mmoja tumekuja kuona nini. Vijana wawili wa Nairobi wakasema chui. Mama mmoja wa Dodoma aliyekuwa na binti wa miaka tisa akasema twiga kwa ajili ya mtoto, halafu chochote. Mzee wa Kijerumani akanyanyua kitabu cha ndege. Mdogo wangu akasema anataka kuona kiboko akiwa nje ya maji. Dereva akasema sawa, basi tukubaliane: tukisimama kwa ndege, dakika tano, tukisimama kwa simba, hakuna kuondoka mpaka wote wameona, na kila tukishuka kwenda chooni, waliokaa nyuma wanahamia mbele. Kile kiti cha kukunja kikazunguka kwa wote, Mjerumani akiwemo. Yule mtoto tu ndiye aliyesamehewa.

Hakuna kanuni iliyomwambia afanye hivyo. Na nimesikia kwa wenzangu waliopata magari ambako aliyepanda wa kwanza alishika kiti cha mbele siku zote, wa nyuma wakala vumbi, na mtu mwenye kamera kubwa akaligeuza gari kuwa lake. Huyu wetu alikuwa akieleza kwa Kiingereza, kisha anageuka kutueleza kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili maelezo yalikuwa marefu zaidi na yenye utani ndani yake, mpaka vijana wa Nairobi wakawa wanamtafsiria Mjerumani yale yaliyorukwa. Kwenye simu ya upepo wenzake walimwita aje kwa duma mmoja. Alitazama saa, akatazama umbali, akatuambia tukienda tutakuta magari ishirini na tutapoteza viboko. Tukapiga kura kwa mikono. Viboko wakashinda, kura tano kwa tatu. Kiboko mmoja alikuwa juu kabisa ya ukingo, mgongo umekauka na kupasuka kama tope la jaruba wakati wa kiangazi, na mdogo wangu hakupiga picha hata moja, alikuwa anamtazama tu.

Siku ya mwisho kreta, tulikula mchana pale bwawa la Ngoitokitok. Kila mtu akapewa boksi lake: paja la kuku, yai la kuchemsha, ndizi, keki kavu, juisi. Dereva akatuonya tule tukiwa ndani ya gari kwa sababu ya mwewe. Kijana mmoja wa Nairobi akashuka na paja lake mkononi akisema mwewe wa Nairobi anawajua. Sekunde haikufika. Ndege alishuka kutoka nyuma, bawa likampiga sikio, na paja likaenda. Tulicheka wote wanane, watu ambao juzi yake tulikuwa tunapigana viwiko vya kugombea dirisha. Binti wa Dodoma akamkatia kijana nusu ya keki yake. Safari ya kuchangia ina raha yake ambayo gari la peke yako halikupi, na hili nalisema ili msidhani naomba huruma kwa ajili ya maskini. Ningekuwa na milioni kumi bado ningependa kupanda na watu.

Ila kile kiti kisicho na mkanda hakichekeshi. Barabara ya kutoka Naabi kwenda Seronera ina matuta madogo ya mfululizo ya kuyatetemesha meno, mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa, na si kila gari linautii. Gari likipinduka na abiria yupo kwenye kiti cha kuongeza, nani anajibu? Aliyepokea pesa, aliyemiliki gari, au geti lililohesabu vichwa vinane na kupokea ada ya vichwa vinane bila kuhesabu viti?

Sasa ombi langu kubwa, ambalo linahitaji fedha na muda. Hifadhi zenyewe ziuze viti. Nenda Kruger, Afrika Kusini: shirika la hifadhi lenyewe lina magari ya wazi katika kambi zake kama Skukuza na Satara, asubuhi na jioni, na mtu ananunua kiti kimoja kwa bei inayojulikana, anakaa na wageni wasiomfahamu, wanazungushwa na waongozaji wa hifadhi, wanarudishwa. Huhitaji wakala wala kundi. Nairobi nako shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, limewahi kuendesha basi la kuwazungusha watu hifadhini siku za wikendi.

Hapa kwetu mahali pa kuanzia panajionyesha penyewe. Mikumi imekatwa katikati na barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa. Abiria wa mabasi ya Mbeya wanaona tembo na twiga bure, kwa dakika chache, basi likiwa kwenye mwendo. Tangu 2024 treni ya SGR inamfikisha mtu wa Dar es Salaam Morogoro asubuhi, akiwa hajachoka. Kutoka stesheni hadi geti la Mikumi pakiwa na basi dogo la Kosta la hifadhi, na getini pakiwa na magari matatu ya wazi yanayouza viti, mtu wa Temeke anaweza kwenda na kurudi kwa siku moja na kesho yake akaamkia kazini. Tarangire nayo, mabasi yote ya Arusha kwenda Babati na Dodoma yanapita Kwa Kuchinja, na geti liko ndani kama kilomita saba tu. Na Ndabaka nimeshaitaja. Ukanda ule wa magharibi una Mto Grumeti na mamba wake, na nyumbu hupita huko kati ya Mei na Juni, wakati shule zinakaribia kufunga. Najua kuna udongo mweusi unaonasa magari wakati wa mvua. Msianze na mvua.

Mtaniambia serikali haifanyi biashara ya usafirishaji, na kwamba mawakala watalalamika mmewaingilia. Basi toeni zabuni. Mawakala wenye magari yanayolala uwanjani miezi ya Aprili na Mei wapewe zamu getini, kwa bei ya kiti mliyokubaliana, kwa nembo yao wenyewe. Gari lililolala halimlishi mtu. Aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Utalii ya 2008 ana leseni, ana bima, ana madereva waliosomea. Kinachokosekana ni abiria wa bei ya kawaida, na abiria hao ndio sisi tunaopita barabarani. Kwa mwaka 2024 mlitangaza kwamba watalii wa ndani walizidi milioni 3. Ningetamani siku moja mtangaze pia ni wangapi kati yao walifika kwa kiti walichonunua wenyewe, na wangapi walipelekwa na shule, kanisa au ofisi.

Yapo mengine madogo ambayo hayahitaji zabuni. Andikeni kwa Kiswahili, kwenye kila geti na kwenye ukurasa wa malipo, ni kitambulisho gani kinampa mwananchi bei ya mwananchi. Katika gari letu mama wa Dodoma alikuwa na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) bila kadi, tukasimama karibu nusu saa wakishauriana, na watu wengine saba wakimsubiri akiona aibu ambayo haikuwa yake. Bahshishi nayo isemwe mapema. Mwishoni mwa safari mgeni wa nje ana bahasha tayari kwa sababu kitabu chake kilimwambia; sisi tulikuwa tunachangishana chini ya kiti, noti za elfu tano tano, hatujui kama tunamheshimu dereva au tunamtukana. Wakala akiandika "bahshishi haimo, ni hiari, wengi hutoa kiasi hiki", ameondoa fedheha kwa pande zote. Na mwajiri asiitumie bahshishi kama mshahara. Hilo nalo mnaweza kulikagua mnapohuisha leseni.

Kwa haya ya madirisha na kuunganishwa, naomba kanuni fupi ya safari za viti. Iseme hivi: kabla mteja hajatoa hata shilingi, apewe karatasi au ujumbe unaotaja jina la kampuni yenye leseni, idadi ya juu ya abiria garini, na tarehe ya mwisho ya kuthibitisha kwamba kundi limetimia. Lisipotimia ifikapo tarehe hiyo, mteja achague: arudishiwe pesa zote, au akubali kwa maandishi kuhamishiwa kwa kampuni nyingine iliyotajwa kwa jina, na ahadi zilezile. Aliyepokea pesa abaki na jukumu mpaka mteja arudi Arusha. Lipa namba iwe ya jina la kampuni. Na askari wa getini, ambaye tayari anahesabu vichwa na kulinganisha na kontrol namba, yaani namba ya malipo ya serikali, ahesabu na mikanda; gari lenye abiria kuliko mikanda lisipite.

Magari ya hifadhi yatasubiri bajeti, naelewa. Hii ya viti haihitaji bajeti, inahitaji saini. Naomba itoke kabla ya matangazo ya mtoko wa Krismasi hayajaanza, kwa sababu watu huanza kutanguliza pesa mwezi Oktoba, kidogo kidogo, na wakishatanguliza kanuni haitawasaidia tena.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu, Mwanza